Mgonjwa Asioshwe

Wodi yetu ina desturi moja iliyonikaa kooni tangu siku ya kwanza niliporipoti kazini. Mgonjwa akiletwa, kabla hajaulizwa hata jina, anapelekwa bafuni. Anavuliwa, anamwagiwa maji, anasuguliwa kwa sabuni ya mche, anavishwa gauni la kijani la wodi, ndipo anapoletwa mbele ya daktari aking'aa kama sufuria iliyotoka kusuguliwa. Wenyewe wanauita ustaarabu. Mimi nauita upumbavu. Kupima hali ya akili ya mtu kunaanza na macho na pua. Kavaaje? Ananukaje? Kucha zikoje, nywele kazichana au zimetimka? Ukishamwosha umefuta nusu ya majibu, halafu unakaa kitini unaandika "msafi, nadhifu," kana kwamba usafi ule ni wake.

Nimegombana sana na watu kwa ajili ya jambo hili, na hasa na muuguzi mkuu, mama mnene mwenye roho nzuri ambaye wodi nzima inamwita Sista Povu. Sista Povu anaamini hakuna ugonjwa usiopungua kwa sabuni. Simlaumu sana, maana wagonjwa wetu wengine wakiingia hata nzi wanasita. Na mimi mwenyewe nina pua mbaya. Harufu ikinishika kazini narudi nayo nyumbani, nakula nayo, nalala nayo. Sikusomea utabibu wa magonjwa ya akili kwa sababu napenda kunusa watu. Ila mgonjwa wangu namtaka jinsi alivyotoka kwao.

Asubuhi hiyo nilimwahi mgonjwa kabla ya Sista Povu. Harufu yake ndiyo iliyonijulisha kwamba yupo. Nilikuwa bado kwenye korido, na tayari tumbo lilikuwa limeshapinduka: shombo ya samaki iliyochacha, jasho la siku nyingi, na chini yake kitu kichungu kama mkojo uliokaukia kwenye nguo.

Alikuwa mwanamke wa umri wa miaka thelathini hivi, fundi cherehani, ameketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Gauni lake lilikuwa na madoa yaliyogandana mpaka kitambaa kimekakamaa. Shingoni uchafu ulikuwa na mistari, kama ukuta uliovujiwa na mvua. Magamba ya samaki yalikuwa yamemnasa kwenye nywele, na mengine yalimeta kila alipogeuza kichwa.

Pembeni yake alisimama mama mkwe wake, amejifunga kitambaa cheupe pe kichwani, msafi, na marashi yake yalikuwa yanapigana na ile shombo bila kushinda. Mlangoni aliegemea shemeji yake, mdogo wa mume wake, kijana aliyenyolewa vizuri, viatu vyeupe, kijiti mdomoni. Alikuwa anachokonoa meno, na kila alichokipata alikitoa, akakitazama, kisha akakirudisha kinywani na kukitafuna. Nikageuza uso.

"Shikamoo mama," nilimwambia mama mkwe.

"Marahaba, mwanangu. Ee, tusaidie. Huyu ni mkwe wangu. Mwanangu ni dereva wa malori ya masafa, hayupo nyumbani wiki na wiki, kaniachia mimi mkewe. Na tulimwoa msafi jamani, mtoto anameremeta! Sasa huu mwezi wa pili haogi. Ukimwambia oga, anakukodolea macho. Majirani wanatucheka. Mwosheni, mchomeni sindano, tuondoke naye leo leo."

"Leo leo, mama? Hujui hata anaumwa nini."

"Kuoga tu, mwanangu. Akioga atakuwa sawa."

Niliwaomba watoke nje wote wawili wakae kwenye benchi. Mama alitoka akitabasamu. Kijana alitoka taratibu, na kabla ya kufunga mlango alimtupia shemeji yake jicho, juu mpaka chini, halafu akakunja pua kama mtu aliyeletewa chakula kilichochacha.

Nilifungua madirisha, nikakaa, nikaanza. Fundi alinitajia jina lake, siku, mwezi, na mahali tulipo. Alijua kaletwa na nani na kwa usafiri gani. Alizungumza polepole lakini kwa mpangilio. Swali likiisha ndipo anajibu, na jibu likiisha ananyamaza. Hakuna sauti alizosikia. Hakuna aliyemtumia ujumbe kupitia redio. Nilikuwa naandika huku napumua kwa mdomo, na moyoni najiuliza huyu anaumwa nini, maana kichwa chake kilikuwa kimepangika kuliko meza yangu.

Ndipo nikaiona mikono yake. Ilikuwa safi. Kucha zimekatwa, viganja vyeupe, hakuna hata doa. Usafi uliishia kwenye kifundo cha mkono, na uchafu ukaanzia hapo hapo, kama vile amevaa glavu.

Nimewahi kuona wagonjwa waliojisahau. Mtu aliyejisahau anajisahau mzima mzima. Hachagui kiungo.

"Fundi," nikasema, "mbona mikono umenawa?"

Aliitazama, kisha akaificha chini ya mapaja. "Nguo ya mteja haishikwi na mikono michafu, daktari."

"Kwa hiyo maji unayo."

"Ninayo."

"Na sabuni?"

"Ipo."

"Sasa mwili umekukosea nini?"

Kule nje tulisikia mama mkwe akicheka na mtu, kicheko cha mtu anayependwa na watu. Fundi alisikiliza kile kicheko mpaka kikaisha, ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nikinuka hasogei."

Sikumuuliza ni nani. Alikuwa anautazama mlango.

Alinieleza mambo yake bila machozi. Mumewe akisafiri, shemeji anaingia chumbani. Mwanzo alikuwa anafunga mlango. Mama mkwe akaling'oa komeo, akasema nyumbani kwake watu hawafungiani milango kama wezi. Alipopiga kelele, mama huyo huyo alikuja, akasimama kizingitini na taa mkononi, akamwambia, "Unataka majirani wasikie? Huyu ni damu moja na mume wako." Alipomsimulia mumewe kwa simu, mumewe alisema mama ameshamweleza kwamba kichwa cha mkewe siku hizi hakiko sawa. Wazazi wake mwenyewe walishafariki.

"Siku moja nilipara samaki, nikapitiwa na usingizi bila kuoga," alisema. "Akaja. Akafika hapa." Alionyesha urefu wa hatua moja. "Akatema mate chini, akaondoka. Nikasema, kumbe!"

Tangu siku hiyo aliweka kopo la maji ya samaki nyuma ya cherehani. Kila jioni anajipaka. Yakichacha zaidi ndiyo mazuri, alinieleza, kama vile ananipa siri ya mapishi. Wateja wamemkimbia karibu wote. Waliobaki anapokea vitambaa vyao kupitia dirishani. "Mimi mwenyewe nilikuwa natapika mwanzoni, daktari. Usidhani nimezoea. Sijazoea."

Kichefuchefu changu hakikuniacha, kilikuwa pale pale kifuani. Ila sasa hakikuwa na haja na yule mwanamke tena. Kilikuwa kimetoka nje, kimeketi kwenye benchi katikati ya kitambaa cheupe na viatu vyeupe.

Niliinuka. Nikamwita Sista Povu, nikamwambia mbele ya mgonjwa ili wote wawili wasikie: "Sista, huyu asiguswe. Asioshwe. Hata uso. Nakwenda kwa mzee, narudi sasa hivi."

"Lakini dada, hii harufu mpaka jikoni…"

"Hata uso, Sista."

Mzee ni daktari bingwa wetu. Wagonjwa wamempa jina la Mia Toa Saba, kwa sababu ndilo swali analolipenda kuliko mengine yote: mgonjwa atoe saba kwenye mia, kisha atoe saba tena, na tena, mpaka bingwa aridhike au alale. Nilimkuta ofisini anachimba sikio kwa kifuniko cha kalamu. Siku hiyo kila mwanaume niliyekutana naye alikuwa anachimba kitu. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akapangusa kifuniko kwenye ukingo wa meza, meza ile ile ambayo tunawekea chai.

"Kwa hiyo unaniambia ni mzima," alisema.

"Akili zake timamu, mzee. Ila nyumbani hapafai. Namwombea kitanda mpaka tumpate mtu wa ustawi wa jamii."

"Ustawi yuko semina mpaka wiki ijayo."

"Mpaka wiki ijayo, basi."

"Hebu tusaidiane kufikiri, binti." Akiniita binti najua nimeshindwa. "Kama ni mzima, kitanda ni cha nini? Hii si nyumba ya wageni. Aende kwao. Na kama ni mgonjwa, hayo anayoyasema juu ya shemeji yake ni ugonjwa unaosema. Wangapi humu wanalalamika wanaingiliwa usiku? Wengine na majini."

"Huyu hajataja jini. Ametaja komeo."

"Chagua moja. Mzima au mgonjwa?"

Nilisimama pale nikiutazama ule uchafu wa sikio kwenye ukingo wa meza. Nikisema mzima, anarudi usiku huo huo kwenye chumba kisicho na komeo. Nikisema mgonjwa, maneno yake yanageuka upepo, na hata huyo mtu wa ustawi akirudi kutoka semina hatayasikiliza. Sikuwahi kuipenda kazi hii, lakini siku hiyo niliichukia hasa.

"Njoo umwone mwenyewe," nikasema.

Tuliporudi, korido ilikuwa inanukia marashi.

Nilijua kabla sijafika mlangoni. Sista Povu alikuwa amekaa kwenye kiti changu, ameshika mkono wake uliofungwa bandeji, na maji bado yanamdondoka kwenye aproni. "Dada, nisamehe," alianza. "Mama mkwe wake kanililia mpaka kapiga magoti. Mtu mzima, dada! Kaleta na sabuni yake mwenyewe, na gauni jipya, na mafuta. Nikasema tumfurahishe mzazi. Basi huyu wako akageuka simba. Tumemshika watu wanne. Kaning'ata hapa, ona!"

Kama ningemjibu ningemtukana, na mtu mwenye nia njema ukimtukana unabaki na matusi yako mdomoni.

Fundi alikuwa ameketi palepale, kwenye kiti kilekile. Nywele zimeoshwa, zimepakwa mafuta, zimesukwa haraka haraka mistari mitatu. Uso wake ulikuwa mzuri, na hilo lilinitia hofu. Gauni jipya lilikuwa la rangi ya waridi, limembana kifuani, na mwili wote ulinukia marashi ya mama mkwe. Alikuwa anatetemeka kama mtoto aliyetolewa mtoni.

Mama mkwe na mwanawe walikuwa wameshaingia ndani bila kuitwa. Kijana alikuwa amekitupa kijiti chake. Alikuwa amesimama wima, amejinyoosha shati, na hakukunja pua tena. Alimtazama kuanzia miguuni akapanda taratibu, na hakuwa na haraka. "Sasa huyu ndiye shemeji tunayemjua," alisema. "Karibu uegemee, shemeji, utachoka." Akakishika kiti chake kwa nyuma. Nasema kweli, ningepewa nichague kati ya kunusa lile kopo la maji ya samaki na kunusa pumzi ya yule kijana, ningelinywa kopo.

"Mzee," nikasema, "hawa watoke kwanza."

"Waache. Familia ni sehemu ya tiba." Bingwa aliketi, akamtazama mgonjwa, akafurahi. Daima hufurahi wakiwa wasafi. "Haya mama. Mia toa saba?"

"Tisini na tatu," alisema Fundi. "Themanini na sita. Sabini na tisa. Sabini na mbili."

"Inatosha, inatosha. Unasikia sauti za watu ambao hawapo?"

"Hapana. Nasikia za waliopo."

Bingwa alicheka, mama mkwe naye akacheka, kile kile kicheko. Kisha yule mzee msomi, mwenye vyeti vilivyojaa ukuta mzima, akafanya jambo ambalo hata sasa likinijia nikiwa mezani naiacha sahani. Aliegemea mbele, akauliza kwa upole, mbele ya wote: "Na kuna mtu anayekusumbua usiku chumbani?"

Kijana alitazama dari. Mama mkwe alimwekea Fundi mkono begani, akambonyeza kidogo, akasema kwa sauti tamu, "Sema tu, mwanangu. Hapa ni kwa daktari. Sema, halafu twende nyumbani."

Fundi aliutazama ule mkono begani mwake. Midomo ilifunguka. Hakikutoka kitu.

"Umeona?" Bingwa alinigeukia. "Hakuna. Muonekano mzuri, usemi mzuri, fikra zimenyooka. Kasoro ilikuwa usafi, na usafi ameshapatiwa. Nyumbani."

"Mzee, huwezi kumuuliza mtu swali kama hilo mbele ya…"

"Nyumbani, binti." Akachukua kalamu, ile ile, akasaini.

Mama mkwe alianza kushukuru. Alimshukuru Mungu, akamshukuru bingwa, akamshukuru Sista Povu na sabuni yake, akanishukuru hata mimi, akanipapasa mkono kwa kiganja chenye joto na unyevu ambacho nilitamani kukinawa hapo hapo. Kijana alitangulia kushika mlango. "Pita, shemeji," alisema. Fundi alipopita, kijana alivuta pumzi ndefu kwa pua, akaifaidi.

Niliwafuata kwenye korido. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nataka tu kuwachelewesha, niseme wamesahau kitu, niseme kuna dawa, lolote. Nilikuwa bado natafuta la kusema nilipomwona Fundi akisimama.

Mhudumu wa usafi alikuwa amesukuma mkokoteni wake hadi nje ya chumba cha wagonjwa wanaofungiwa, na juu yake kulikuwa na ndoo ya choo cha usiku, imejaa, bado haijamwagwa. Mfuniko ulikuwa umekaa upande. Fundi aliutoa mfuniko, akauweka chini vizuri, usipige kelele. Akakunja mikono ya gauni jipya mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayetaka kuanza kazi. Kisha akaiingiza mikono yote miwili.

Alianza na uso. Akaenda kwenye nywele, shingo, kifua, akasambaza pole pole, hakusahau nyuma ya masikio. Alikuwa anatapika huku anajipaka, anapangusa matapishi kidevuni na kuyachanganya na yale mengine. Mama mkwe alipiga ukelele, akavuta kitambaa cheupe puani, akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Kijana alijaribu kuruka asiguswe, viatu vikateleza, akakimbilia nje, na tulimsikia huko uani akijitapikia. Bingwa alitoka chumbani, akaona, akaziba mdomo kwa koti lake jeupe.

"Laza!" alisema kupitia koti. "Mungu wangu! Wodi ya kufungia. Huyu kichaa kamili."

"Mimi simtaki tena," mama mkwe alilia. "Kaeni naye! Mwanangu akirudi nitamtafutia mke mwingine."

Bingwa alinipa maneno ya kuandika, akiwa amesimama mbali. Ajipaka kinyesi. Fikra zimevurugika. Hajitambui. Hana uwezo wa kuamua lililo jema kwake. Niliandika yote, neno kwa neno, nikiwa nimeegemeza karatasi ukutani, na ule uvundo unaniingia mpaka kwenye ubongo. Nilijua ni uongo tangu neno la kwanza. Nilijua pia kwamba kila neno lilikuwa linamwekea kitanda, shuka, na mlango wenye komeo kubwa la chuma. Nikapiga mstari chini ya neno "hajitambui" ili lisomeke vizuri.

Sista Povu alitokea mbio na beseni, sabuni na brashi, mkono wenye bandeji umeinuliwa juu. Nilisimama mbele yake.

"Mpaka wale wawili watoke getini," nikamwambia.

Alinitazama, akamtazama Fundi, akatazama mlango wa kuelekea uani. Sijui alielewa kiasi gani. Aliliweka beseni chini, akakaa juu ya benchi na kuanza kulia.

Fundi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono ameiweka mbali na mwili, vidole vimetanuka. Hakuwa anatetemeka tena. Nilichuchumaa karibu yake, karibu kadiri tumbo langu lilivyoruhusu, nikamwambia kwamba amelazwa, kwamba hawatamchukua leo.

Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Alitema mate pembeni, akajipangusa midomo kwa bega, akatafuta sauti.

"Haya, leo nimeweza," alisema. "Na mkiniosha kesho, nikiwa msafi tena, nifanye nini?"